Moto Kwenye Roshani ya Bi Opal

Kitasa kilikuwa cha moto.

Hapo ndipo tulipomwacha Arnel Dimaano juma lililopita: mtunza vyumba wa meli ya watalii ya Amarantha, taulo tele mikononi, kengele ya moshi inalia ujia mzima, na nyuma ya mlango wa kioo wa roshani kitu chekundu kinacheza.

Arnel alijizungushia taulo mkononi, akauvuta mlango. Moshi ukaingia pamoja na upepo wa bahari, ukampiga usoni.

Bi Opal Hutchins alikuwa chini, ubavuni mwa kiti. Bibi wa watu, mkulima wa tumbaku wa Kentucky, mwili wote mwepesi kama kuti kavu. Blanketi la viraka alilolishona mama yake linawaka juu ya kiti, na yeye analipiga kwa viganja vitupu. Mpira wa oksijeni uliokuwa puani mwake nao ulikuwa umeshika moto.

"Bi Opal! Liache! Liache blanketi!"

"La mama yangu," alisema bibi. "La mama yangu hili."

Arnel aliuchomoa ule mpira, akairukia mashine ya oksijeni, akaizima. Akambeba bibi hadi kitandani. Akarudi, akalikunja lile blanketi kwa taulo zilizolowa, akainua mikono alitupe baharini.

Akajizuia.

Sisi tuliokula chumvi ya meli tunajua sababu. Ukitupa moto baharini, bahari haiupokei. Upepo unaurudisha kwenye roshani ya chini, kwa watu waliolala mchana wameacha milango wazi. Ndiyo maana kila asubuhi spika inaimba wimbo uleule: hakuna kuvuta chumbani, hakuna kuvuta roshani, hakuna kutupa kipisi baharini, anayetaka kuvuta aende kona ya wavutaji, sitaha ya kumi, nyuma, upande wa kulia. Abiria wanacheka. Hawajawahi kuona meli inavyoungua.

Arnel alilitia blanketi bafuni, akafungulia maji. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda.

Midomo ya bibi ilikuwa imevimba. Nyusi hazipo. Alikuwa anapumua kama mtu anayepanda ngazi isiyokwisha.

"Mama!"

Mlangoni alisimama Darlene, binti yake wa pekee, bakuli la supu mkononi. Bakuli likaanguka. Nyuma yake walikuja walinzi, na mbele yao mkuu wao, Bwana Rai, Mnepali mfupi aliyewahi kuwa askari, mtu ambaye hata wapishi walinyamaza akipita.

Bibi akachukuliwa mbiombio kwenda zahanati ya meli. Bwana Rai hakwenda. Alitoka hadi roshani, akainama, akatazama chini ya kiti. Aliporudi alikuwa ameshika kitu kati ya vidole viwili.

Kipisi cha sigara.

"Nani?" aliuliza.

Darlene, aliyekuwa bado mlangoni, aligeuka. Macho yake yalikuwa yamewiva. Akamnyooshea Arnel kidole.

"Huyu! Muulizeni huyu! Ndiye aliyekuwa anampeleka mama yangu kwa wavutaji kwa siri!"

Na hilo, msomaji, lilikuwa kweli.

*

Ilikuwa mwanzo wa safari. Darlene ameshuka kwenda kucheza bingo, bibi kabaki na kiti chake cha magurudumu.

"Mwanangu," alimwita Arnel, "nipeleke pale wanapovuta."

"Bi Opal! Na mashine hiyo ya hewa? Utatulipua sote."

"Nani kasema nataka kuvuta? Sijavuta tangu mume wangu azikwe. Nataka kunusa."

Arnel alidhani anatania. Bibi hakuwa anatania. Alizaliwa kwenye tumbaku, akaolewa kwenye tumbaku, akamzika mumewe Vernon kwa sababu ya tumbaku. Baada ya mazishi Darlene aliuza shamba, na aliyelinunua akalibomoa ghala la kukaushia majani. Tangu siku hiyo bibi anaishi kwenye nyumba ya bintiye inayonuka sabuni ya malimau.

"Nyumba safi," alisema. "Safi kama hospitali. Nafia humo bila kujua niko wapi."

Basi Arnel akampandisha. Hakumwingiza ndani ya kona; alimweka mbali, nje ya mstari wa njano, pale upepo unapoteremkia. Moshi wa watu ulimfikia umeshachoka.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Texas, Harlan Boggs, dereva wa malori mstaafu, sauti kama honi.

"Bibi we! Hapo kwenye hewa safi utapata mafua! Sogea huku kwa wagonjwa wenzio!"

"Nikisogea, wewe na hiyo kofia yako mtafika Kuba bila meli," bibi alijibu, akaonyesha mashine yake.

Wavutaji wote wakaangua kicheko. Tangu hapo wakamwita Mwenyekiti. Akifika wanampungia mikono. Naye anafumba macho, anavuta hewa kidogo kidogo, na uso wake unalainika mpaka Arnel anatazama pembeni, kwa kuwa si vizuri kumkodolea macho mtu aliyefika kwao.

Kisha Darlene akajua. Akaenda kushtaki. Arnel akaonywa mbele ya wenzake: mara moja zaidi, na sanduku lako liko bandarini.

Bibi hakupelekwa tena.

*

Zahanati iko chini kabisa, pasipo na dirisha. Daktari wa meli, Ilse Marais, mwanamke wa Cape mwenye mikono mikubwa, aliwazuia mlangoni.

"Njia ya hewa imeungua ndani," alisema kwa sauti ya chini. "Helikopta haiwezi kutufikia kwa upepo huu. Mnataka kumuuliza, muulizeni sasa. Maneno machache."

Waliingia watatu: Bwana Rai, Darlene na Arnel. Bibi alikuwa amefungwa bendeji mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mazima, ya buluu, yanaona kila kitu.

"Mama Hutchins," Bwana Rai aliinama, "nani alikuwa anavuta sigara kwenye roshani?"

"Mimi."

Darlene alishika chuma cha kitanda.

"Sigara uliipata wapi?"

Alimtazama binti yake. Akamtazama kwa muda, kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha kabla ya kuifunga. Halafu akayageuzia macho kwa Arnel.

"Kwa huyu kijana."

"Arnel? Alikupa yeye?"

"Yeye. Msimwadhibu sana. Nilimlilia."

Arnel aliinama juu ya kitanda. Mikono yake mwenyewe ilikuwa ina malengelenge ya ule moto.

"Bi Opal?" alisema. "Mama?"

Bibi alifumba macho.

Bwana Rai alimshika Arnel kiwiko, akamtoa nje.

"Sema kitu."

"Sina la kusema, Mkuu."

"Kijana, nisikilize. Nimekuona ukifanya kazi. Kama kuna neno, liseme sasa hivi. Kesho asubuhi tunaingia bandari ya Tampa. Ukinyamaza unashuka na sanduku lako, na hakuna meli yoyote itakayokuchukua tena. Mtu aliyempa sigara mgonjwa wa oksijeni? Hata mtumbwi hutapewa."

Arnel alitazama sakafu. Aliinua macho mara moja tu, akachungulia kupitia kioo cha mlango. Darlene alikuwa amesimama palepale, amewapa mgongo.

"Sina, Mkuu."

*

Lakini alikuwa nalo.

Jana yake asubuhi, bibi akiwa usingizini, Arnel aliingia kubadilisha mashuka akakuta pazia la roshani linapepea. Nje, nyuma ya kiti, Darlene alikuwa amechuchumaa kama mtoto wa shule nyuma ya choo. Moshi unamtoka puani.

Walitazamana.

"Bi Darlene..."

"Shh! Utamwamsha!" Alikuwa ameuficha mkono mgongoni, mwanamke wa miaka hamsini na ushee. "Arnel, nakuomba. Mama asijue. Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Kuna kona ya wavutaji, dada. Panda tu ngazi."

"Nikae pale nionekane? Kuna watu wa kanisa letu humu melini! Mimi ndiye ninayezunguka mashuleni kuwaambia watoto jinsi baba alivyokufa. Nina picha ya mapafu yake, Arnel. Naishika juu, watoto wanalia." Akacheka kicheko kibovu. "Kisha naingia kwenye gari, najifungia, navuta mbili."

"Hapa ni hatari. Na sheria inanitaka niseme. Nikijua nikanyamaza, naondoka mimi."

"Nitaacha. Leo ndiyo mwisho. Naapa."

Arnel alivijua viapo hivyo. Baba yake mwenyewe, kule kwao Batangas, aliacha sigara kila Jumatatu maisha yake yote. Arnel akachukua kitambaa kibichi, akafuta majivu kwenye reli, akakitia kipisi mfukoni.

"Mimi sikuona kitu," akasema.

Tazama basi, msomaji: huruma ya kufuta majivu mara moja, na sasa kanaswa.

*

Walimweka kwenye meza ya nyuma ya bwalo la wafanyakazi, mlinzi mmoja mlangoni. Binamu yake Berting, mpishi wa mikate, alimletea wali na samaki, akakaa mbele yake, unga hadi kwenye nyusi.

"Kula."

"Sili, kaka."

"Basi sema. Nakujua tangu unajikojolea. Wewe huwezi kumpa mgonjwa sigara. Nani kavuta?"

Arnel akamwambia. Berting aliinuka, akakaa, akainuka tena.

"Mjinga we! Mpumbavu kabisa! Nenda kamwambie Rai!"

"Nilimpa yule dada neno langu."

"Neno lako! Mkeo Liezl atawapikia watoto neno lako? Joyjoy ataenda shule amevaa neno lako?"

"Na nani ataniamini, kaka? Bibi mwenyewe kasema ni mimi. Maiti mtarajiwa, na mimi. Ungekuwa Rai ungemwamini nani?"

Berting akaketi tena. Akausogeza wali karibu.

"Ulimtoa kwenye moto," alisema polepole. "Kakutia wewe."

Hilo ndilo lililokuwa linamchoma Arnel kuliko malengelenge. Darlene alimtarajia. Mtu mwenye hofu hukanyaga aliye karibu. Lakini bibi! Bibi aliyemwita mwanangu, aliyemwekea tofaa la mezani kila siku kwa sababu "wewe ni mwembamba mno, upepo utakuiba."

Mlango ukafunguka. Alikuwa muuguzi.

"Arnel Dimaano? Anakuita."

"Nani?"

"Bibi. Harakisha. Hana muda."

*

Bwana Rai alimruhusu, akabaki nje ya mlango wa zahanati, mikono nyuma. Ndani kulikuwa na vitanda viwili. Cha pili pazia lake lilikuwa limefungwa. Muuguzi alisema binti kapewa vidonge, amelala.

Arnel hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Umeniita."

"Sogea, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

"Una haki."

"Kwetu Batangas, mtu akiokolewa majini hamzamishi aliyemwokoa. Nimekukosea nini mimi? Nilikupeleka kunusa moshi wako. Nilionywa kwa ajili yako. Nimeungua kwa ajili yako. Ukanitazama machoni, ukaniuza."

"Nimekuuza," bibi alisema. "Ndiyo."

Arnel alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa visingizio. Hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimesinzia," bibi alianza. Kila neno lilimgharimu. "Nikaamka nikasikia harufu. Nikadhani niko kwenye ghala la baba, mwezi wa Oktoba, majani yananing'inia juu mpaka kwenye paa. Niliinuka nikiwa natabasamu, Arnel. Niliifuata harufu mpaka nje. Halafu nikaona ni blanketi la mama linaungua, na sigara katikati yake."

"Sigara ya Darlene."

"Ya Darlene."

"Unajua!"

"Mimi? Mwanamke wa ghala la tumbaku hafichwi moshi. Darlene ananawa mikono kwa dawa ya meno, masikini, anadhani nimepofuka pua." Alikohoa. Kikohozi kilikaa muda mrefu. "Akijua kwamba sigara yake ndiyo inayoniua, ataishi vipi? Nina mtoto mmoja tu. Wewe ukifukuzwa utaumia, utanilaani, lakini usiku utalala. Yeye hatalala tena."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Arnel aliujua, anao wawili. Ndiyo maana sauti yake ilipasuka.

"Na wangu je? Wangu watakula nini, Bi Opal?"

Mashine ililia mlio wake mdogo.

"Sikuwafikiria," bibi alisema. "Kweli sikuwafikiria hata kidogo. Umeniambia majina yao, na sikuwafikiria. Hilo ndilo ovu langu." Akajaribu kuinua mkono wenye bendeji. "Niitie yule mkuu wa walinzi. Nimwambie."

"Utamwambia nini?"

"Sijui. Uongo mwingine."

Arnel, bila kutaka, alicheka. Na katikati ya kicheko alianza kulia. Alisogea, akakaa ukingoni mwa kitanda. Bibi aliuweka mkono wake ulioungua juu ya mkono wa Arnel ulioungua.

Hapo pazia la kitanda cha pili likavutwa.

Darlene alikuwa amekaa wima, miguu chini, vile vidonge viwili bado viko kwenye kiganja chake. Hakuwa amelala hata dakika moja.

"Ulijua, mama?"

Bibi alifumba macho, kama mtu aliyedondosha kitu alichokibeba mbali.

"Tangu una miaka kumi na sita. Ulikuwa unazificha kwenye buti la baba yako la zamani."

"Miaka yote hiyo! Nikisimama kanisani, nikipiga kelele, nikikunyima hata kukaa karibu na watu... na hukusema!"

"Wewe ulikuwa unasema sana. Ilibidi mmoja wetu anyamaze."

"Nilidhani nimeizima." Darlene alikuwa haongei na mtu sasa. "Ulikohoa ndani. Niliogopa umeamka. Nikaibonyeza kwenye mkono wa kiti, nikaiacha, nikatoka mbio nikasema nakuletea supu. Hata sikuangalia. Mama, hata sikugeuka kuangalia!"

"Njoo hapa."

"Siwezi."

"Darlene. Njoo."

"Nanuka, mama. Nimetoka kuvuta tena kule juu. Nilipanda kwenye ile kona yenu, nikavuta mbele ya watu wote, na yule mzee wa Texas akaniuliza, 'Mwenyekiti hajambo?' Nanuka."

"Njoo hivyo hivyo."

Mwanamke yule mkubwa alivuka ile nafasi ndogo kati ya vitanda kama anayevuka mto. Akapiga magoti, akaweka kichwa kifuani kwa mama yake. Bibi aliushusha uso wake ulioungua hadi kwenye nywele za bintiye, akavuta pumzi, kadiri mapafu yalivyomruhusu. Akavuta tena.

Arnel aliinuka, akatoka taratibu.

Bwana Rai alimtazama usoni, asiulize. Wakasimama pamoja ujiani, bega kwa bega, mpaka walipomsikia Darlene akilia kilio ambacho hakihitaji daktari kuja kukieleza.

*

Tampa ilikuwa na ukungu.

Juu, abiria walipanga foleni na kofia zao za majani na mifuko ya zawadi. Wafu hawapiti huko. Wafu hushuka kwa mlango wa chini, ule unaopakiliwa mboga, watu wa likizo wasije wakaharibiwa likizo.

Jeneza la bati lilikuwa limeshawekwa kwenye kitoroli. Arnel alisimama kando yake, sanduku lake miguuni. Berting aliomba ruhusa aje kumuaga, akanyimwa. Lakini mtu mmoja alikuwa amejipenyeza hadi kule chini, Mungu anajua vipi: Mzee Harlan Boggs, amevua kofia. Hakuwa na honi leo. Aligusa ubavu wa jeneza kwa vidole.

"Mwenyekiti," alisema, akaondoka.

Maofisa wa bandari walianza kupanda ngazi kutoka gatini.

"Muda umefika," Bwana Rai alimwambia Arnel. "Wakiingia, nakukabidhi kwao."

"Subiri!"

Darlene alikuja na nguo za jana. Nywele zimesimama, uso umevimba. Alisimama kati ya jeneza na Arnel.

"Mama yangu alisema uongo," alisema. "Sigara ilikuwa yangu. Niliiwasha mimi, niliiacha mimi. Huyu hakumpa mtu kitu."

Bwana Rai alimsogelea.

"Bi Darlene, unajua unachosema? Kuna mtu amekufa. Hao wanaopanda wanaweza wasikuruhusu kumzika mama yako."

"Najua."

"Unaweza kwenda nyumbani sasa hivi. Marehemu ameshasema. Hakuna atakayekuuliza tena."

"Nimesema najua." Aliweka kiganja juu ya jeneza. "Nimeongea uongo tangu nina miaka kumi na sita. Nimechoka, Bwana Rai. Andika ni mimi."

Arnel aliwakumbuka wa nyumbani. Liezl. Watoto. Alishaanza kuinama achukue sanduku alirudishe juu.

"Bado," Bwana Rai alisema. "Kuna swali moja." Alimgeukia Darlene. "Hukuanza kuvuta roshani siku ile ya moto. Mtunza vyumba anaingia kila siku. Alijua?"

Darlene hakusita hata nukta.

"Hapana. Hakujua kabisa. Nilikuwa najificha."

Akamtupia Arnel jicho. Jicho lile lilikuwa la mama yake, buluu, linabeba mzigo wa mtu mwingine. Kunyamaza tu. Hakuna zaidi. Anyamaze, apande juu, mashuka yanamngoja.

Bwana Rai alimgeukia.

"Arnel. Ulijua?"

Arnel alilitazama jeneza. Aliiona ile reli ya roshani, kile kitambaa kibichi, mkono wake mwenyewe ukifuta. Kama angesema asubuhi ile, Darlene angeaibika kwa siku mbili. Bibi angekuwa juu sasa hivi, kwenye kiti chake, anagombana na mtu kuhusu kahawa.

"Nilijua, Mkuu," alisema.

Darlene alifunika uso kwa mikono.

Bwana Rai hakusogea. Alitazama chini gatini: maofisa walikuwa karibu kufika, wa mbele akihema na tumbo lake. Akavua kofia, akaifuta jasho ndani ambalo halikuwepo, akaivaa tena. Kisha akasogea karibu sana na Arnel, akasema kwa sauti ambayo hakuna mtu wa meli ile aliyewahi kuisikia.

"Sikukusikia. Injini zinapiga kelele."

Injini zilikuwa zimezimwa tangu alfajiri. Ungeweza kusikia ndege wa baharini wakitembea juu ya bati.

"Nakuuliza mara ya pili, kijana, na hao wanaopanda wataandika nitakachosikia mimi. Ulijua, au hukujua?"